Mashine ya kuchomelea ya petroli: bila mzigo 55 Hz, nikigusa rodi inashuka 44 Hz. Nirekebishe raundi kuanzia wapi?

Chuma_Uyole (mleta mada)

Habari za kazi wakuu.

Naomba msaada kwa wanaozijua mashine za kuchomelea zenye injini. Hii ni ya petroli, silinda moja, injini ya 188F, ile iliyoigwa kutoka Honda GX390. Kibati kinasema 190 A DC, soketi ya 230 V 2 kW, 50 Hz, raundi 3,000. Jenereta yake ni ya kapasita, haina AVR (kidhibiti volti cha kielektroniki). Inafanya kazi Mbeya mjini.

Nimepima kwenye soketi kwa multimeta yenye Hz, injini ikiwa imeshapata moto:

Bila mzigo: 55 Hz, 262 V. Haitulii, inacheza kati ya 53.5 na 56, na injini inasikika ikihema.
Hita ya maji ya 1,000 W: 49.5 Hz, 221 V.
Rodi ya 6013 ya 3.2 mm kwenye 110 A: 44 Hz. Moto unafifia, rodi inaganda kwenye chuma.

Plagi ina masizi makavu meusi. Chujio la hewa nimelisafisha, petroli ni mpya, oili iko kwenye alama. Nati ya mkono wa gavana (kifaa kinachoshikilia raundi za injini zisibadilike) ina alama za spana, maana yake kuna mtu alishaigusa.

Kuna ushauri nimepewa kwamba skrubu ya gavana iongezwe mpaka ifike 60 Hz bila mzigo, ili ukianza kuchomelea irudi kwenye 50. Je, ni sahihi? Kama si sahihi, utaratibu ni upi?

---

Gavana_Tanga

Mkuu, hiyo skrubu iache kwanza. Ushauri huo utakuunguzia vifaa na tatizo litabaki palepale.

Skrubu inapandisha na kushusha kiwango cha kuanzia tu. Haigusi kiasi ambacho injini inaanguka ikipewa mzigo, na wewe ugonjwa wako uko kwenye kuanguka. Piga hesabu: raundi ni Hz mara 120, gawanya kwa idadi ya ncha za sumaku za rota. Rota yako ina ncha mbili, kwa hiyo kila 1 Hz ni raundi 60. 55 Hz ni raundi 3,300 na 44 Hz ni 2,640. Umepoteza raundi 660, asilimia 20. Gavana ya chuma iliyo nzima kwenye injini kama hii inaachia kama asilimia 4 mpaka 6 kutoka bila mzigo hadi mzigo kamili. Ndiyo maana inawekwa 52 mpaka 52.5 Hz bila mzigo, yaani raundi 3,120 hadi 3,150, ili ikibeba mzigo itue karibu na 50.

Kingine, jenereta ya kapasita volti zake hazipandi hatua kwa hatua na raundi, zinapanda kwa haraka zaidi. Sasa hivi uko 262 V, wakati 230 V ukiongeza asilimia 10 unaishia 253. Kwa 60 Hz chaja, taa za LED na spidi ya grenda za kielektroniki hazitapona.

Kabla ya kuendelea hakikisha kipimo chenyewe hakikudanganyi. Umeme wa jenereta ya kapasita una mawimbi yaliyochafuka, na multimeta za bei nafuu wakati mwingine zinasoma Hz 100 au 150 au namba inayorukaruka bila sababu. Thibitisha kwa takometa ya mwanga, yaani kipima raundi. Zima injini, bandika kipande kimoja cha tepu ya kung'aa, sentimita moja inatosha, kwenye kikombe cha kamba ya kuwashia au kwenye feni ya rota, na sehemu inayobaki iwe nyeusi, paka rangi ikibidi. Ukibandika vipande viwili itasoma mara mbili. Pima nje kwenye kivuli. Ukipimia ndani chini ya taa za TANESCO, taa zinapepesa mara 100 kwa sekunde na takometa inaweza kushika mpepeso wa taa ikakuandikia 6,000 huku mashine hata haijawashwa.

Kama una takometa ya kuzungushia waya wa plagi, iweke kwenye cheche moja kwa kila mzunguko. Injini hizi ni za mikupuo minne (four-stroke), lakini koili inatoa cheche kila fulaiwili (gurudumu zito la injini) ikipita, hata kwenye mkupuo wa kutoa moshi. Ukiiweka kwenye mizunguko miwili kwa cheche itakusomea 6,000 badala ya 3,000.

Sasa kipimo ninachotaka ukifanye, ambacho ndicho kitaamua kila kitu. Fungua kifuniko upande wa kabureta ili uone ule mkono mdogo wa plastiki au chuma unaozungusha kipepeo, kile kisahani ndani ya kabureta kinachofungua na kufunga njia ya kwenda kwenye injini. Washa injini, ipate moto dakika 5 hadi 10, choki iwe wazi kabisa. Mwenzako apige rodi ya 3.2 mm kwenye 110 A, wewe macho yako yawe kwenye mkono huo tu. Raundi zikianguka, angalia mkono umefika wapi:

Ukifika mwisho kabisa, umegota kwenye kizuizi cha kabureta, na raundi bado zinaanguka, gavana imefanya kazi yake. Injini ndiyo haina nguvu: mafuta, hewa, mgandamizo, vali, au mwinuko wa mahali.

Ukibaki njiani, kipepeo hakijafunguka chote huku injini inakufa, basi gavana ndiyo haisukumi. Springi, mpangilio wa mkono kwenye shafti, au kuna kitu kimekwama.

Usiusogeze kwa kidole wakati huo. Angalia tu, halafu tuletee jibu.

---

NyandaZaJuu

Niongezee kwenye plagi. Masizi makavu meusi ni mafuta mengi kuliko hewa, na kwa Mbeya hilo halishangazi. Mji uko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari na kabureta hizi zinatoka kiwandani zikiwa zimepangwa kwa nchi tambarare. Honda wenyewe kwenye vitabu vya GX wanaandika kwamba nguvu inapungua asilimia 3.5 kwa kila mita 300 za kupanda hata kabureta ikirekebishwa, na isiporekebishwa inapungua zaidi. Kwa mita 1,700 hiyo ni karibu asilimia 20.

Lakini kwa rodi ya 3.2 mm nguvu bado inatosha, ni vizuri mleta mada alijue hili asije akakata tamaa na injini. Volti za moto wa kuchomelea kwa rodi zinakadiriwa kwa 20 jumlisha 0.04 mara ampia. Kwa 110 A ni 24.4 V, yaani takriban 2.7 kW. Ukikisia jenereta inapoteza asilimia 40 njiani, injini inadaiwa 4.5 kW. GX390 halisi kwa raundi 3,000 inatoa takriban 8 kW pwani, toa asilimia 20 unabaki na 6.4. Hata kama ya kuigwa ni dhaifu kidogo, kuanguka mpaka 44 Hz kwa 3.2 mm hakuelezeki kwa mwinuko peke yake.

---

Chuma_Uyole

Asanteni sana. Takometa ya mwanga imesoma 3,290 hadi 3,310 bila mzigo, kwa hiyo multimeta iko sawa.

Mkono wa kabureta: rodi ikishika, unasogea unafika kama robo tatu, unasimama hapo. Haugoti. Injini inaendelea kufa na mkono hauongezi kitu.

Na nimeona kitu kingine. Ule waya unaounganisha mkono wa gavana na mkono wa kabureta unachezacheza matunduni, karibu milimita moja na nusu kwenda na kurudi. Kwenye picha za injini kama hii naona kuna springi nyembamba sana inayopita sambamba na huo waya. Kwangu haipo.

---

Gavana_Tanga

Hapo hapo mkuu. Umekuta mambo mawili na yote yanaeleweka.

Kwanza, mkono wa gavana umeteleza kwenye shafti yake. Ndani ya injini kuna vyuma vizito viwili au zaidi vinavyotanuka kwa mzunguko na kusukuma shafti ndogo inayotokeza nje ya bloku. Mkono mrefu wa gavana umebanwa kwenye shafti hiyo kwa bolti na nati, spana namba 10. Vyuma vikiwa vimefunga kabisa, kipepeo lazima kiwe kimefunguka chote. Nati ikilegea na mkono ukazunguka kidogo kwenye shafti, vyuma vinafika mwisho wao wakati kipepeo bado kina robo ya safari. Hiyo robo hutaipata kwa skrubu wala kwa springi. Aliyeigusa nati hiyo alibana bila kupanga, kisha akafidia kwa kukaza springi, ndiyo maana bila mzigo uko 55.

Utaratibu wa kupanga, injini imezimwa na imepoa, waya wa plagi umetolewa:

Hakikisha kipepeo kinakwenda na kurudi bila kukwaruza. Chomoa waya wa kuunganisha, kizungushe kwa kidole. Kikiwa kizito, safisha shafti yake kwa petroli. Kisipoachia, usiendelee na gavana mpaka kiachie.

Rudisha waya. Injini ikiwa imezimwa, springi ya gavana yenyewe inatakiwa ivute kipepeo kikae wazi kabisa. Kama hakikai wazi, springi imelegea, imekatika ndoano, au imewekwa tundu lisilo lake.

Legeza nati ya namba 10 ya mkono wa gavana, nusu mzunguko unatosha. Usiitoe.

Sukuma mkono mpaka kipepeo kifunguke chote na kigote, ushikilie hapo kwa mkono wa kushoto.

Kwa plaisi, shika ncha ya shafti ya gavana uizungushe upande uleule mkono ulikoelekea wakati wa kufungua kipepeo. Zungusha mpaka igote taratibu. Hapo ndani kuna vipande vya plastiki, usilazimishe. Mkono na shafti vyote vikiwa vimegota, kaza nati. Achia, kisha sogeza mkono mara kadhaa: safari yote kutoka wazi hadi kufunga iwe nyepesi.

Kosa la kawaida hapa ni kuizungusha shafti upande wa kinyume. Ukikosea hivyo vyuma vitakuwa vimeshatanuka wakati kipepeo kiko wazi, hakuna kitakachokifunga, na injini ikiwaka itakimbia moja kwa moja kupita raundi 4,000. Kwa hiyo kabla ya kuwasha legeza skrubu ya raundi ili springi iwe na mvuto mdogo, na unapowasha kidole kiwe kwenye mkono wa kabureta tayari kuufunga, swichi ya kuzimia iwe karibu. Ikianza kukimbia funga na uzime, usisubiri kuangalia kama itatulia. Fimbo ya pistoni ya aluminiamu haina huruma kwa raundi hizo, na nyaya za rota zinaweza kutoka mahali pake.

Pili, ile springi nyembamba. Kazi yake ni kuondoa mchezo kwenye matundu ya waya. Bila yenyewe gavana inasogea milimita moja na nusu kabla kabureta haijasikia, halafu inasogea kupita kiasi, halafu inarudi. Huko kuhema sehemu yake inatoka hapo. Tafuta springi yenyewe kwenye maduka ya vipuri vya jenereta, ni ya bei ndogo. Usiweke springi ya kalamu wala raba, zinavuta kwa nguvu na zitaharibu usikivu wa gavana.

Baada ya hapo ndipo urudi kwenye skrubu. Springi ikivutika zaidi raundi zinapanda, ikilegea zinashuka, fuata springi na si upande wa skrubu maana watengenezaji wanatofautiana. Robo mzunguko kwa mara moja, subiri nusu dakika, soma. Lengo 52.3 hivi bila mzigo.

---

Kabureta_Kwanza

Kuhusu kuhema, springi ni nusu ya jibu. Kwa raundi 3,000 bila mzigo kipepeo kimekaribia kufunga kabisa, kwa hiyo injini inanyonya mafuta kupitia njia ya silensa (ya raundi za chini), sio jeti kubwa, yaani kitobo kikuu cha mafuta. Ile jeti ndogo ya silensa ikiziba kidogo mchanganyiko unakuwa mkavu (mafuta machache kuliko hewa), injini inashuka, gavana inafungua, inashika mafuta ya jeti kubwa, inaruka, gavana inafunga, inarudi kwenye ukavu. Mzunguko huo unaendelea bila kikomo na watu wanalaumu gavana.

Kipimo ni rahisi. Injini ikihema bila mzigo, funga choki polepole. Ikitulia karibu na robo ya choki, una ukavu: jeti ndogo imeziba au gasketi kati ya kabureta na kichwa inavuta hewa. Ikizidi kuwa mbaya na kutoa moshi mweusi, tatizo lako si ukavu.

Jeti ndogo kwenye kabureta hizi iko chini ya skrubu ya plastiki ya silensa, inavutwa juu ikiwa na oringi. Tundu lake ni jembamba kuliko unavyodhani. Pulizia hewa ya kompresa, na ikibidi tumia uzi mmoja wa shaba kutoka kwenye waya laini wa umeme. Usitumie waya wa chuma wala drili, shaba ya jeti ikikwaruzika haisafishiki tena. Bakuli la chini linafunguka kwa bolti ya namba 10. Ukilitoa angalia kama lina maji au mchanga mwekundu, na usilibane kupita kiasi wakati wa kurudisha maana washa yake inatanuka na kuvuja.

Ukimaliza na bado plagi inakuwa nyeusi, ingiza jeti kubwa iliyo ndogo hatua moja, ile ya nyanda za juu. Mashine ikishushwa Dar es Salaam au Tanga irudishiwe ya mwanzo, vinginevyo itakwenda kavu na kuchoma vali. Na ukiwa umefungua, pima nafasi za vali injini ikiwa baridi: ya kuingiza 0.15 mm, ya kutoa 0.20 mm. Plagi 0.7 hadi 0.8 mm.

---

Weld_Nakuru

Nimefuata hii mada vizuri, asanteni. Nina swali linalokaribiana. Mashine zilizotumika kutoka Marekani, zile za silinda mbili zenye kibati cha 120/240 V 60 Hz raundi 3,600, zinauzwa sana huku Kenya. Mtu akitaka soketi itoe 50 Hz, anaweza kushusha gavana mpaka 3,000?

---

Gavana_Tanga

Ndugu yangu, usishushe. Mashine hizo nyingi zimepangwa kama raundi 3,700 bila mzigo, na kila kitu ndani yake, nyaya, kapasita au ubao wa kuongoza rota, kimehesabiwa kwa kasi hiyo. Ukiishusha hadi 3,000 volti za soketi zinaanguka angalau sehemu moja ya sita, 240 inakuwa 200 au chini yake. Volti za kuanzishia moto nazo zinashuka, rodi zinakuwa ngumu kuwaka, na ampia za juu huzipati tena. Ukijaribu kufidia kwa kuongeza umeme wa rota, rota inaungua.

Iache kwenye 60 Hz na uchague cha kuchomeka. Grenda, drili ya mkono, hita na taa za kawaida hazijali kama ni 50 au 60. Kinachojali ni mota zisizo na brashi: pampu ya maji au kompresa ya 50 Hz itazunguka asilimia 20 haraka zaidi na kuvuta nguvu zaidi. Na angalia soketi kwa macho kabla ya kuchomeka. Za 120 V na za 240 V ziko ubao mmoja, na kwenye 240 nyaya zote mbili zina moto, hakuna nyutro kama ya nyumbani kwetu.

---

Silensa_Auto

Kwa hizo za Marekani kuna jambo jingine linalowachanganya watu kwenye kupima: ile swichi ya silensa ya kujiendesha. Ikiwa imewashwa, sumaku ya umeme inavuta mkono wa kabureta na kuishusha injini hadi raundi 2,200 au 2,400 ukiacha kuchomelea kwa sekunde 10 na kitu. Mtu anapima, anaona 38 Hz, anakimbilia gavana. Weka swichi kwenye raundi za juu kabla ya kupima chochote. Panga raundi za juu kwanza, za chini baadaye, kwa sababu ukigusa springi ya gavana za chini nazo zinahama.

Za chini zinapangwa kwa kusogeza sumaku au kurefusha fimbo yake. Mashine ikikataa kupanda unapogusa rodi, pima volti kwenye nyaya mbili za sumaku. Rodi ikishika zinatakiwa ziwe sifuri. Zikibaki 12 V, ubao hausikii mkondo. Zikiwa sifuri na mkono umebaki chini, fimbo imekwama kwa kutu au vumbi la grenda. Na kitu kidogo kama chaja ya simu hakiamshi ubao, kwa mashine nyingi inahitajika kama wati 100 hivi ili zipande. Chaja hiyo itabaki inalishwa umeme wa raundi 2,200, kwa hiyo zima silensa ya kujiendesha ukiwa na vifaa vidogo.

---

Dizeli_Kigoma

Kwa wenye dizeli, mantiki ni ileile ila mikono ikae mbali na bolti moja. Kwenye 186F na ndugu zake kuna bolti ya kikomo cha raundi yenye nati ya kufungia, hiyo ndiyo unayopanga. Kuna nyingine iliyofungwa kwa waya na risasi au rangi, hiyo ni kikomo cha mafuta ya mzigo kamili. Ukiifungua injini itatoa moshi mweusi, itapata joto kupita kiasi, na raundi hazitatulia zaidi. Dizeli ikihema, anza na hewa kwenye mafuta: mipira iliyopasuka, washa za shaba zilizotumika tena, chujio. Kisha reki ya pampu (fimbo inayoongeza na kupunguza mafuta) kama ni nzito.

Kwa zile za mkanda, injini ya S195 au ZS1100 ikizungusha jenereta ya raundi 1,500, msipime raundi kwenye injini. Pimeni kwenye shafti ya jenereta. Hesabu ni raundi za injini mara kipenyo cha puli yake, gawanya kwa kipenyo cha puli ya jenereta. Injini ikiwa 2,000 na puli ya 150 mm, jenereta inahitaji puli ya 200 mm ipate 1,500. Mkanda unateleza kidogo ukibeba mzigo, na mkanda uliolegea unaonyesha dalili zote za gavana mbovu: bila mzigo safi, rodi ikigusa Hz zinaanguka huku sauti ya injini haijabadilika. Msikilize sauti. Injini isiyobadilika sauti wakati Hz zinaanguka inakwambia mkanda unateleza.

---

Chuma_Uyole

Wakuu, nimefanya yote kwa mpangilio mlionipa. Mkono ulikuwa umeteleza kama nyuzi 15 kwenye shafti. Nimepanga upya, nimepata springi nyembamba, jeti ndogo ilikuwa na uchafu wa kijani, nimeisafisha kwa uzi wa shaba. Vali ya kutoa ilikuwa 0.10, nimeiweka 0.20. Vipimo vya sasa:

Bila mzigo 52.3 Hz, 243 V, imetulia, inacheza 0.2 tu.
Hita 1,000 W: 51.3 Hz, 235 V.
Rodi 3.2 mm, 110 A: 49.8 Hz, moto umeshika vizuri, haigandi.
Rodi 4.0 mm, 150 A: 46 Hz. Hapa mkono wa kabureta unagota kabisa mwisho.

Hiyo ya 4.0 mm ndiyo bado. Na kwenye mkono wa gavana kuna matundu matatu ya springi, yangu iko la katikati. Nihamishe?

---

NyandaZaJuu

Hapana, matundu yaache. Kusogeza springi karibu na shafti kunaifanya gavana iwe sikivu zaidi, raundi zinaanguka kidogo, lakini inaanza kuhema. Kuipeleka mbali kunaituliza lakini inaachia zaidi. Wewe unaachia asilimia 4.8 kwa 3.2 mm na imetulia, huna cha kutafuta hapo.

Kwa 4.0 mm mkono umegota, kwa hiyo gavana imekupa yote iliyonayo. 150 A kwa 26 V ni 3.9 kW, injini inadaiwa 6.5. Kwa Mbeya ndipo ukingo wake ulipo. Badilisha jeti ya nyanda za juu kama alivyosema mwenzetu, unaweza kupata 1 Hz au 2. Ukitaka kuitumia hivyo hivyo, shusha hadi 130 A, rodi ya 4.0 mm ya 6013 bado inakwenda, na usichomeke kitu kwenye soketi wakati huo. Zile 190 A za kwenye kibati kwa mwinuko huo hazipo.

---

Gavana_Tanga

Vipimo vizuri sana mkuu. Kama siku moja ukute 52.3 Hz iko palepale lakini volti zimeshuka hadi 200, usirudi kwenye gavana, hiyo ni kapasita. Izime, itoe umeme kwa kuigusisha nyaya za balbu ya kawaida, kisha pima mikrofaradi ulinganishe na zilizoandikwa ubavuni.

Sasa paka tone la rangi kwenye nati ya mkono wa gavana, likae nusu kwenye nati na nusu kwenye mkono, na tone jingine kwenye skrubu ya raundi. Likipasuka utajua imetembea kabla hata hujatoa mita.